Mwalimu wa Dawa wa Mishomoroni

Alikuwa hawezi kumeza kidonge. Wanafunzi wake wote walilijua hilo, na hakuna aliyethubutu kulitaja mbele yake. Mwanamke aliyefundisha elimu ya dawa kwa sehemu kubwa ya umri wake, aliyeweza kukusimulia safari ya kidonge tangu kinywani mpaka kinapotoka na mkojo, mwenyewe akiumwa na kichwa alikisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, akakichanganya na ndizi mbivu, akafumba macho kama mtoto anayenyweshwa mafuta ya nyonyo. Siku moja nilimfumania jikoni akifanya hivyo. Alinitazama bila haya.

"Koo halina elimu," akasema. "Koo ni koo."

Sisi tulimwita Mwalimu tu. Majirani pale Mishomoroni walimwita Mwalimu wa Dawa, kumtofautisha na mwalimu wa madrasa aliyekaa nyumba ya nyuma. Alikuwa mfamasia wa hospitali, kisha akafundisha chuoni, kisha akastaafu, na kustaafu kukamshinda. Basi akakifungua chumba cha ubavuni mwa nyumba yake, akatia meza moja na viti visivyolingana, na wakaanza kumjia vijana waliosomea udaktari ng'ambo, ambao sheria inawataka wafaulu mtihani wa leseni kabla hawajamgusa mgonjwa nyumbani.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilisoma miaka sita katika nchi ya baridi, kwa lugha ambayo hata leo sioti ndoto kwayo. Niliporudi Kisauni nilikuta tayari naitwa daktari. Kina mama walikuja barazani kwetu na watoto wao wenye homa, nami nikawaambia waende zahanati, kwamba mimi bado sijaruhusiwa. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakigeuka nawasikia: "Daktari gani huyu, hata dawa ya kikohozi hawezi kuandika?" Nikaufanya mtihani, nikaanguka. Masomo mengine niliyapita. Dawa ndizo zilizoniangusha.

Mamangu ndiye aliyenipeleka kwa Mwalimu. Walikuwa wamekutana arusini, wakaelewana kama watu wanaoelewana wakiwa na sahani mkononi. Nilitoa shikamoo, nikaitikiwa, nikakaribishwa kiti, na kabla sijakaa sawasawa nikaulizwa:

"Ulizisomaje dawa?"

"Kila moja kidogo, Mwalimu. Jina lake, kazi yake, kipimo chake. Ni nyingi mno."

"Ni nyingi kweli. Na watu wa Mombasa ni wengi. Wawajua wote?"

"La, Mwalimu."

"Huyu mamako wamjua?"

"Namjua."

"Wajua linalomuudhi?"

Mama akadakia kabla sijajibu. "Yuwalijua, na yuwalifanya."

Mwalimu alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Kisha akanieleza jambo ambalo baadaye nililisikia akiwaeleza wengi, kila mara kana kwamba amelibuni siku hiyo. Alisema dawa ni kama watu walio maishani mwako. Kuna dawa jamaa. Hao huna budi kuwajua mpaka ndani: wanakula nini, wamegombana na nani, wakikasirika wanavunja nini, na ukitaka kuwatuliza utawatuliza vipi. Hao si wengi. Ni zile unazozitumia kila siku na zile zinazoweza kuua mtu haraka. Kuna dawa jirani. Wajue majina, wajue kazi zao, wajue jambo moja baya wanalolijulikania. Na kuna dawa mgeni.

"Mgeni wafanyaje naye?" akaniuliza.

"Namkaribisha?"

"Wamsalimu. Watazama kofia yake ujue katoka upande gani. Basi. Humuulizi babu yake alimwoa nani." Akanielekezea kidole. "Wewe umewafanya watu wote wa mji majirani. Mamako mzazi wamjua jina tu."

Mama alipenda sana maneno hayo. Aliyarudia nyumbani wiki nzima.

Mwanafunzi mwenzangu katika msimu ule aliitwa Kenga, kijana wa watu wa Kaloleni aliyekaa Mtopanga kwa dadake. Kama mimi niliwafanya watu wote majirani, Kenga aliwafanya wote jamaa. Alikuwa ameusoma ule mlima wote wa dawa. Ungemtajia dawa angekuambia inavyoshika ukuta wa seli, kimeng'enya kinachoivunja, na yale mabaki yake yanakopelekwa. Naye pia alikuwa ameanguka mtihani, tena zaidi yangu, kwa sababu alipofika kwenye kila swali aliona majibu mawili yaliyo sawa. Alijua mahali ambapo kila kanuni huvunjika, basi hakuweza kuiamini kanuni yoyote.

Mwalimu alitukalisha pamoja kwa makusudi. Hakukaa alipofundisha. Alijifunga leso kiunoni akatembea baina ya chumba chetu na jikoni, upawa mkononi, kwa kuwa daima palikuwa na chungu motoni, na maswali yake mengine yalitufikia kupitia ukutani.

"Mama mja mzito kapigwa na kifafa cha mimba," alipaza sauti siku moja. "Uko peke yako wodini. Kenga, dawa!"

Kenga alikaa sawa. Alitaja magnesiamu, na hilo lilikuwa sahihi. Kisha akaanza kueleza namna inavyoingia kwenye milango ya neva, na namna wataalamu wanavyotofautiana juu ya jambo hilo. Alieleza kwa ufasaha. Mwalimu alitokea mlangoni na upawa wake, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Maashallah, umesema vizuri," akamwambia. "Mama kashakufa. Na mtoto pia. Lakini umesema vizuri."

Akanigeukia mimi. Nilitaja dawa, nikataja kipimo, nikataja pa kuchoma sindano, yote kwa mkupuo mmoja, nikajiona mshindi.

"Ahsante. Kifafa kimetulia. Saa mbili baadaye mama huyu yuwafa mikononi mwako. Yuwafa na nini?"

Nikafungua daftari langu.

"Na dawa yako! Umemzidishia. Kabla hajafa alikuonyesha, nawe hukutazama. Ungemgonga goti kwa kinyundo ungeona mguu haustuki tena. Ndipo ungesimamisha, ungehesabu pumzi zake, ungempa ile ya kuivunja makali. Kenga, ipi?"

"Kalsiamu, Mwalimu."

"Kalsiamu. Kwa hivyo huyu kamuua mwanzo, wewe Tima umemuua mwisho. Haya, njooni mle."

Chakula chake, Mungu amsamehe, kilikuwa na chumvi. Mwanamke aliyetufokea kwa kukosea nukta moja katika kipimo cha mtoto mchanga alitia chumvi kwa kiganja, huku akizungumza, na akizungumza kwa hasira kiganja kilijaa. Tulijifunza kuijua hali yake kwa mchuzi. Siku ambayo wote wawili tulijibu ovyo, hata paka wa mtaa aliacha samaki sahanini.

Alikuwa na maneno yake. Dawa inayoharibu figo alisema "huyu ana uhasama na figo". Dawa mbili zisizopatana alisema "hawa usiwalaze nyumba moja". Alichukia nyimbo za kukariri ambazo wanafunzi hutungiana ili kukumbuka majina, akasema elimu ya dawa si ngoma. Lakini alikuwa na wimbo wake mmoja, wa mtu aliyekunywa sumu ya kupulizia shambani: "kila tundu lalia". Alilisema hilo kwa kuhesabu vidoleni, macho, pua, kinywa, na alipofika chini akasema "na kwingineko mnakojua", akageuka kutazama dirishani. Sijawahi kuzisahau dalili hizo, na sidhani kama kuna mwanafunzi wake aliyezisahau.

Alikuwa mtu wa swala tano, na dua zilimtoka kinywani kama pumzi. Hata hivyo alimfukuza mtu barazani kwake, mbele yetu, aliyekuja kumwambia kwamba mtoto wake mwenye degedege anasomewa kwanza, hospitali baadaye. "Mkono mmoja wa dua, mkono mmoja wa sindano!" alimwambia. "Mungu kakupa miwili." Kisha akavaa viatu akaenda naye mwenyewe mpaka zahanati, akaturudia magharibi amechoka, na wala hakutueleza kilichotokea mpaka tulipomuuliza. Mtoto alikuwa salama.

Nisimpambe kupita kiasi. Alikuwa mbishi, na alipokosea alikosea kwa sauti ile ile aliyotumia alipopatia. Siku tuliyosoma malaria kali alitupa kipimo cha sindano ya atesunate, akasema ni kile kile kwa kila kilo, kwa mkubwa na kwa mdogo. Kenga alikohoa.

"Mwalimu, kwa mtoto mdogo sasa kimeongezwa. Kwa kila kilo anapewa zaidi ya mtu mzima."

"Zaidi ya mtu mzima? Mtoto?"

"Ndiyo, Mwalimu. Miili yao inaitoa haraka zaidi. Ikipewa sawa na ya mkubwa haifiki kiasi."

"Nani kakwambia?"

"Mwongozo mpya unasema."

"Mimi nimetoa sindano hizo wewe ukiwa hujui kufunga kamba za viatu," akasema Mwalimu, na sauti yake ikawa ndogo, jambo lililokuwa baya kuliko kupaza. "Leo basi. Nendeni."

Tulitoka. Njiani Kenga alikuwa na huzuni kama mtu aliyemvunjia mzazi heshima. Nilimwambia kama ana haki, ana haki. Akasema, "Haki ninayo, lakini mwalimu sina." Siku tatu nne hatukuthubutu kwenda. Kisha nikapigiwa simu: tumefia wapi, chungu kimejaa na hakuna mlaji.

Tulipofika alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekwenda mpaka hospitali alikofanyia kazi zamani, akamtafuta mfamasia kijana ambaye naye alikuwa mwanafunzi wake, akamuuliza.

"Kenga," akasema, mbele yangu na mbele ya jirani aliyekuwa akianua nguo, "wewe umesema kweli, na mimi nimesema uongo. Siku nyingine nikikufukuza ukiwa na haki, usitoke. Mgonjwa akikutegemea utatoka vilevile?"

Kenga alivua viatu mlangoni. Alijibu, "Sitatoka, Mwalimu," na akaingia ndani akavuta kiti chake. Tukaendelea na somo pale tulipoliachia.

Ramadhani ilitukuta tukiwa tumebakiza wiki chache kufika mtihani. Kenga, ambaye ni Mkristo, aliona haya kunywa maji mbele yetu, mpaka Mwalimu akamsukuma jikoni kwa mkono wake. "Wewe hukufunga. Kunywa, kula. Ubongo wako wataka sukari, usiufanyie adabu za bure."

Alasiri moja tulikuwa tunasoma dawa za moyo tulipomsikia Bi Rukia, mke wa fundi wa kanzu wa nyumba ya pili, akiita kutoka nje. Aliingia miguu mitupu.

"Mwalimu, mume wangu haeleweki! Yuwazungumza na watu waliokufa!"

Tulimkuta fundi amekaa sakafuni kando ya cherehani, kanzu imemganda mwilini kwa jasho, akimgombeza shemeji yake ambaye, nilivyoelezwa baadaye, alikuwa kaburini tangu zamani. Watu walishajaa. Mmoja alisema ni jini la Ramadhani, mwingine akasema majini Ramadhani hufungwa, na wakaanza kubishana juu ya hilo. Wa tatu akasema ni kiharusi. Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, mikono ameikunja.

"Mimi nimestaafu," akasema. "Madaktari ni nyinyi."

Niliinama mbele ya fundi, nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na ulitetemeka. Nikamuuliza mkewe anatumia dawa gani.

"Za sukari. Alimeza daku kama kawaida."

"Na alikula?"

"Alionja tu. Tumbo lilimkataa."

Hapo likanijia wazi. "Nileteeni sukari na maji."

Bi Rukia hakusogea. "Amefunga, Tima. Akizindukana atasema nimemvunjia saumu yake."

"Mgonjwa ana ruhusa, Bi Rukia. Akikulaumu, mwambie ni Tima aliyemfungulisha. Lete sukari!"

Nilihakikisha anaweza kumeza, nikamwegemeza mgongo ukutani, nikamnywesha kidogo kidogo. Kwa muda alinitukana pamoja na shemeji yake. Kisha akanyamaza. Kisha akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa ukali watu wote hawa wanataka nini nyumbani kwake. Bi Rukia akalia. Mtu akasema alhamdulillahi, wengine wakaitikia, na mlango ukaanza kupumua kwa watu kuondoka. Nami nilisimama nikifuta mikono, moyo wangu umejaa. Nilikuwa nimemponya mtu.

"Tima, tusimwache."

Alikuwa Kenga. Muda wote ule alikuwa amesimama karibu na kabati, ameshika pakiti ya dawa za fundi. Nilijitayarisha kusikia habari za ukuta wa seli.

"Dawa hii hukaa mwilini siku nzima," akasema. "Na figo ndizo zinazoisaidia kutoka." Akamgeukia Bi Rukia. "Hospitali waliwahi kuwaambia chochote juu ya figo zake?"

"Walisema zimechoka kidogo."

"Basi itakaa zaidi. Sukari tuliyompa itaisha sasa hivi, dawa bado iko. Atazidiwa tena. Lazima aende akalazwe, atazamwe mpaka kesho."

Alisema hivyo tu, wala hakuongeza neno. Fundi alikataa. Alisema ana kanzu za watu za Idi, na kwamba hajambo kabisa. Kenga alichutama mbele yake, akamwambia, "Mzee, mimi si mtu wa kupenda kusema sana leo. Ukibaki hapa, utalala, na hutaamka. Kanzu zitashonwa na nani?" Fundi alimtazama, akaomba koti lake. Mimi nikatafuta gari. Mwalimu aliondoka mlangoni ili tupite, na hilo ndilo tendo lake pekee siku ile.

Baadaye watu wa hospitali walitufahamisha kwamba fundi alizidiwa tena kabla ya isha, akiwa kitandani hospitali, na dripu ya sukari ikiwa tayari mkononi. Kama angekuwa nyumbani wangedhani amelala kwa uchovu wa saumu. Alirudi baada ya siku mbili, na kanzu za Idi alizimaliza zote.

Jioni ile ile fundi alipolazwa, baada ya adhana ya magharibi, Mwalimu alitufuturisha kwa tende na uji na samosa ambazo, kwa mara ya kwanza, zilikuwa na chumvi ya kiasi. Hakutupongeza. Alitungoja tule, kisha akasema:

"Mmoja wenu anajua kuanza. Mmoja anajua kutoacha. Badilishaneni."

Na tukabadilishana. Kwa wiki zilizobaki nilimfundisha Kenga kujibu kwa sentensi moja, aanze na lile mkono utakalofanya kabla ya lile akili itakalofikiri. Naye alinifundisha kuuliza "kwa nini" mara moja zaidi kuliko nilivyozoea, kwa zile dawa jamaa tu. Tulikubaliana ni zipi. Tulibishana juu ya baadhi yake, na Mwalimu alituacha tubishane, akasema kuchagua ni nusu ya kusoma. Mpaka leo vijana wanaponiuliza elimu ya dawa waisome mpaka wapi, hilo ndilo ninalowaambia: soma mpaka ujue mgonjwa atakufa na nini baada ya wewe kumpa nafuu, na ukishajua hilo, nenda kwenye dawa nyingine. Kupunguza si uvivu, na kuongeza si bidii. Mtihani hauulizi umesoma kiasi gani, na mgonjwa ndiyo kabisa.

Mtihani ulikuja. Katika karatasi ya dawa palikuwa na jina nisilowahi kuliona maishani. Zamani ningekwama hapo, nikatoka jasho. Nikatazama mwisho wa jina lile, ambao ndio kofia ya mgeni, nikaujua ukoo wake, nikachagua jibu linalowafaa watu wa ukoo huo, nikapita. Maswali ya magnesiamu na ya sukari niliyajibu kama mtu anayeulizwa habari za nyumbani kwao. Kenga alimaliza kabla ya muda, jambo ambalo lilimtisha sana, akakaa akiutazama mlango.

Tulifaulu sote wawili. Nilimpigia Mwalimu nikiwa bado nimesimama, mama ananivuta mkono akitaka naye azungumze.

"Nimefaulu, Mwalimu!"

"Na Kenga?"

"Na Kenga."

Nikasikia anapenga kamasi. "Haya," akasema. "Swali gani lilikushinda?" Nikamtajia mawili niliyokuwa na shaka nayo, na akanifundisha yote mawili pale pale, kwenye simu, wakati mama anapiga vigelegele nyuma yangu na majirani wanaingia.

Kenga sasa ni daktari upande wa kwao, na wagonjwa wanamsifu kwamba hana maneno mengi. Mimi niko Likoni.

Mwalimu alikuja kwangu mwaka huu, asubuhi, katikati ya kliniki, bila kupiga simu. Alikuwa ameshikwa mkono na mpwa wake wa kike. Amepungua mwili, na buibui lake lilimzidi. Niliinuka, nikampa shikamoo, nikataka kumkumbatia, lakini yeye alishakaa kwenye kiti cha wagonjwa na kuweka mkoba wake mapajani.

Mpwa wake ndiye aliyeeleza. Shangazi anapata kizunguzungu. Ameanguka bafuni mara mbili. Mara nyingine huacha jiko likiwaka. Mwalimu alimsikiliza akizungumza habari zake kana kwamba wanasemwa watu wengine.

Nilimpima presha amekaa, kisha nikamsimamisha nikampima tena. Aliposimama ilishuka vibaya, akanishika bega. Nikamwomba dawa zake. Alizimwaga mezani. Zilikuwa pakiti tatu, na nilizipanga. Mbili kati yake zilikuwa dawa moja. Majina ya nje yalikuwa mbalimbali, rangi mbalimbali, moja imetoka zahanati ya karibu na kwake na nyingine kliniki ya mjini. Kwa muda usiojulikana alikuwa anasaga kipimo maradufu cha dawa ya presha na kukichanganya na ndizi.

"Mwalimu, hizi mbili ni kitu kimoja. Tutaacha hii."

"Si kitu kimoja," akasema. "Hii ni ya presha. Hii ni ile... ile ya..." Alitafuta. Nilimwona akitafuta, mkono wake ukizunguka hewani kama anayesaka kitasa gizani. Mpwa wake aliangalia chini. "Ile ya kutoa maji," akamaliza.

"Ya kutoa maji ni hii nyingine. Hii ni ya presha, sawa na ile."

"Mimi nimefundisha dawa hizi, Tima! Usinifundishe. Nitaendelea na zote." Alianza kuzirudisha mkobani, moja moja.

Nilisikia nyuma ya mlango wagonjwa wakikohoa. Niliuweka mkono wangu juu ya mkono wake, na mkoba ukasimama.

"Mwalimu," nikamwita. Sikuipaza sauti, lakini sikuilegeza.

Alinitazama. Sijui aliona nini. Kisha akaitikia:

"Abee."

Ndivyo msichana anavyomwitikia mkubwa wake. Mpwa wake aliinua kichwa kwa mshangao. Mwalimu mwenyewe aliachia mkoba, akakunja mikono mapajani.

"Nieleze basi," akasema. "Pole pole. Nieleze kama unavyowaeleza wagonjwa."

Nilisogeza kiti changu mpaka magoti yetu yakagusana. Nikamwonyesha kidonge cheupe cha asubuhi, baada ya chai. Nikamwonyesha hiki kidogo, cha asubuhi pia. Nikaichukua pakiti ya ziada, nikaitia katika droo yangu. Nikamwambia ni kwa nini. Alirudia, akakosea. Nikaeleza tena, naye akarudia tena, mpaka akapatia, na alipopatia alitikisa kichwa kama anayempa mwanafunzi alama. Mpwa wake aliyashika yote pamoja naye.

Nilidhani tumemaliza. Akaniinamia, akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Nitapona?"

Maneno mazuri yalinijia mdomoni, mengi, na yote yalikuwa ya uongo kidogo.

"Kizunguzungu kitaondoka, Mwalimu, inshallah. Kusahau, siwezi kukuahidi. Huenda dawa zilikuzidishia, huenda si dawa. Tutakuchunguza, na nitakwambia lolote nitakaloliona."

Mpwa wake alivuta pumzi. Mwalimu hakustuka. Aliyapokea maneno yale, na uso wake ukatulia.

"Vyema," akasema. "Umenijibu."

Alinyanyuka taratibu kama nilivyomwelekeza, akakaa kwanza ukingoni mwa kiti, akasubiri, kisha akasimama. Hakuyumba. Akaurekebisha mtandio wake, akamshika mpwa wake mkono, na akaniambia nimwite anayefuata, maana watu wamengoja.